Mwaka Nilipomwandika Kyungu Kati ya Wafu

Mwezi uliopita tumemzika Mama Mapasa, na mimi, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nilishindwa kukaa kitako kwenye matanga yake hata saa moja. Nilikuwa nainuka, naenda kuchungulia masufuria ya watu, narudi, naketi, nainuka tena, mpaka mama mmoja wa kanisani akaniuliza kama kuna siafu kwenye kiti changu. Hapa Kamina watu wananijua kwa kile kitabu changu cha watoto, cha msichana anayefanya urafiki na wafu wa makaburini, na siku hizo zote za matanga walinifuata mmoja mmoja wakiniuliza kwa sauti ya chini nimeokota wapi mambo ya kuchekesha namna ile juu ya maiti. Nimezoea kujibu kwamba ni mawazo tu, nilikaa nikawaza. Ni uongo, na nimeusema katika shule nyingi mno, mbele ya watoto wengi mno. Kitabu kile nilikiandika mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na minne, kwa kalamu ya biki, ndani ya kaye, daftari la hesabu, kwa ajili ya msomaji mmoja tu, binti wa Mama Mapasa aliyekuwa na miaka minane. Na kwa kukiandika nusura nimuue. Mama yake aliijua habari hii na hakuwahi kunitajia mbele za watu hata siku moja. Sasa hayupo, na mimi nimechoka kuzungukazunguka nayo, basi wacha niiseme.

Tulikaa kambi ya reli, katika zile nyumba za matofali zilizokatwa katikati, familia moja huku na nyingine kule. Ukuta ulikuwa mmoja, na haukufika juu. Chini ya bati kulikuwa na uwazi mtupu kutoka chumba chetu mpaka chao. Mtu akipiga chafya kwao, mama yangu alimwambia pole akiwa huku. Tulijua siku wanayokula samaki wa Bukama na siku wanayokula sombe tupu, majani ya muhogo, tulijua baba yao ameondoka kwenda kutengeneza njia ya reli upande wa Luena na amesahau shati gani. Na tulijua, kama kambi nzima ilivyojua, kwamba nyumba ile ilikuwa na sheria moja isiyovunjwa: kila kitu mara mbili. Watoto wale walikuwa mapasa, yaani mapacha, Kyungu aliyetoka wa kwanza na Kabange aliyemfuata, maana kwa Waluba majina hayo hayachaguliwi, watoto wa mapasa wanazaliwa nayo. Magauni mawili ya kitambaa kimoja. Ndizi mbili. Kyungu akikosa, makofi mawili, moja lake na moja la Kabange aliyekuwa amekaa zake hana hili wala lile. Ukimsalimu mmoja umsalimu na mwingine palepale, la sivyo yule uliyemruka atapata homa na utaulizwa wewe. Kwetu tulikuwa watu wa kuchanganyika, baba alitoka mbali, lakini sheria ile niliishika kabla ya kushika Baba Yetu. Siku moja nilimpa Kyungu kipande cha muwa nikiwa sina kingine, na Mama Mapasa alinitazama tu, nikakimbia mpaka sokoni na kurudi na kipande cha pili, jasho hadi miguuni.

Mvua zilipoanza mwaka ule, surua ikaingia kambini ikamchukua Kabange. Mimi nilitegemea kusikia kilio, kama nilivyokisikia kwa nyumba nyingine. Sikusikia. Wanawake walikuja wakaimba nyimbo za mapasa, zilezile zilizoimbwa walipozaliwa, zenye matusi ambayo siku nyingine mtoto akiyatamka anaoshwa mdomo, na walicheza na kupiga makofi mpaka kaburini, na hakuna jicho lililotoa tone. Mama yangu alinieleza jikoni, akinong'ona, kwamba kwao haisemwi mtoto wa mapasa amekufa, inasemwa amerudi. Na anayemlilia aliyerudi anamwita aliyebaki amfuate. Kwa hiyo Mama Mapasa hakulia. Niliweka sikio kwenye ule ukuta wiki nzima nikimsubiri alie, Mungu anisamehe, na nilichosikia ni ufagio. Alifagia asubuhi, akafagia mchana, akafagia mahali palipokwisha kufagiliwa, akatwanga, akachota maji, akayamwaga, akachota mengine. Mimi nami kwa kumsikia nikawa sikai. Kaye zangu za shule nilizisoma nikitembea, chakula nilikula nimesimama mlangoni, na mama akaanza kusema kuna kitu kimeingia katika ukuta wetu.

Lakini Kyungu alikaa. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni yao, mikono katikati ya magoti, na mbele yake palikuwa na sahani mbili, kwa sababu sheria haikubadilika: bukari mbili, ndio ugali wetu, vipande viwili vya samaki. Aliiangalia sahani ya pili mpaka inzi wanatua, kisha mama yake alikuja na kuziondoa zote mbili. Siku tatu, siku nne, wiki. Shingo yake ikawa nyembamba. Pale kwenye bomba nilisikia wanawake wakisema, bila ubaya wowote, kama watu wanavyosema mvua itanyesha, kwamba yule mwingine anajitayarisha. Nilirudi nyumbani na ndoo nusu. Nilikuwa na hasira na wanawake wale, na Mama Mapasa na ufagio wake, na Kyungu mwenyewe aliyekuwa anakubali kuondoka kwa upole namna ile. Nikaenda nikaketi karibu naye, nikamuuliza kama anajua wafu wanafanya nini mchana. Akatikisa kichwa. Nikamwambia wanagombana.

Njo vile kitabu kilianza. Nilimwandikia kisa cha msichana mmoja jina lake Zuzu, ambaye mpira wake umeingia makaburini, na alipoufuata akakuta wafu wamekaa kwenye baraza zao wakiota jua. Walipomwona wakapiga kelele wakakimbia, kwa sababu wafu wanaogopa sana watu hai. Mama za kule wakitaka watoto wao wawatii wanawaambia, kula, la sivyo tutakuitia mtu hai. Kulikuwa na shefu wa gare, mkuu wa stesheni wa zamani, ambaye hajakubali kwamba amekufa, anapiga filimbi kila asubuhi na kuwatangazia wenzake kwamba treni imechelewa kidogo. Kulikuwa na muuza mikate anayelalamika kwamba unga wa chini hauumuki. Kulikuwa na bwana mmoja aliyezikwa na koti la kuazima. Kila kengele ya kanisa inapolia kwa mazishi anajificha, akiogopa mwenye koti ndiye anayekuja. Hapo kwenye koti Kyungu alitoa pumzi puani. Haikuwa kicheko, ilikuwa njia ya kicheko. Nikafunga kaye nikamwambia ukurasa mmoja kwa tonge moja, sisomi bure. Alinitazama kwa chuki ya kweli, akamega bukari, akameza. Nikasoma.

Tuliendelea hivyo karibu mvua zote. Niliandika darasani, niliandika kanisani nikijidai naandika mistari ya mahubiri, niliandika nikitembea. Sijawahi kuandika vizuri hivyo tena, na nasema bila majivuno, maana sijawahi tena kuwa na msomaji ambaye nikimchosha hatakula. Sahani ya Kyungu ilianza kurudi tupu. Kisha siku moja akaniuliza kama Kabange yuko kule na wale wazee wote. Aliuliza akiangalia pembeni. Nikamwambia yuko, amechelewa kutokea kwa sababu alikuwa anasukwa nywele. Siku iliyofuata nikamleta Kabange katika sura ya tisa, na saa ileile aliyofika akamshinda shefu wa gare kuruka kamba, akamfundisha muuza mikate nyimbo za matusi, akamfungia bwana wa koti ndani ya kaburi lake. Kyungu alicheka kwa sauti, mdomo wazi, na upande wa pili wa nyumba nikasikia ufagio umesimama. Ulisimama muda mrefu. Nilijiona mimi ni mtu mkubwa sana kambini, mkubwa kuliko dispansere na vidonge vyake.

Sasa sikiliza kosa langu. Nimelieleza kwa padri, na padri, mtu wa mbali, hakuona kosa liko wapi. Kyungu alikula, akafikiri siku mbili, akaja akasimama mbele yangu, akaniita kama dada yake mkubwa: "Yaya, Kabange iko mu kitabu. Na minyi?" Nikahisi uso unaniwaka. Nilikuwa nimempa mmoja nikamruka mwingine, mimi niliyekimbia mpaka sokoni kwa kipande cha muwa. Haikunipitia hata kidogo kichwani kwamba kitabu kile ni cha wafu na kwamba kumtia ndani ni kumtia huko. Niliwaza haki tu. Kitu cha Kabange lazima kiwe na cha pili. Nikamwomba msamaha, naam, nilimwomba msamaha mtoto yule, na nikaenda nikamwandikia sura yake mwenyewe, ndefu kuliko ya Kabange ili kulipia ucheleweshaji. Treni ya shefu wa gare hatimaye inafika, siku ya posho, kama tunavyoita Jumamosi. Kyungu anapanda amevaa gauni jeupe, wafu wote wamesimama mstarini na kuimba, na Kabange amemtunzia nafasi kwenye mkeka. Nilipoisoma, alinishika mkono akauweka shavuni mwake. Akaniomba nirudie. Nilirudia mpaka akaijua kwa kichwa, na nilirudi nyumbani nikiimba.

Baada ya hapo alianza kugawa vitu. Mdogo wangu alikuja na ushanga wa Kyungu shingoni, jirani wa upande wa pili akaletewa ubao wake wa shule, na kila aliyempa alimwambia asante na abaki salama, kwa adabu kubwa, kama mtu mzima anayehama. Mimi nilifurahi; nikasema mtoto amepona, amekuwa mkarimu. Unaona ujinga huo. Nimefundisha watoto maisha yangu yote na mpaka leo nikimwona mmoja anagawa penseli zake mgongo unanisisimka. Kisha mwanzoni mwa kiangazi homa ikamshika. Ilikuwa malaria, si kitu cha ajabu, kambi nzima tulikuwa tunaumwa na kupona. Muuguzi akaja akaacha kinini na maagizo. Siku ya pili yake, nikiwa nachambua mchele, nikamsikia Mama Mapasa akimwambia mama yangu kupitia ule uwazi wa juu, bila kuacha kufagia: "Mutoto anakatala dawa. Anaificha mu shavu, anaitema. Anasema hana lazima, treni yake iko siku ya posho."

Ilikuwa Alhamisi. Mchele ulinimwagika wote. Mama alinikaripia na mimi nilimsikia kwa mbali, kama yuko nyumba ya tatu. Nilijua ningepaswa kupita mlango ule na kumwambia Mama Mapasa kila kitu, na sikwenda, niliogopa macho yake, ndiyo hivyo tu, niliogopa. Nilichukua kaye nikatoka nyuma ya nyumba nikaanza kutembea. Nilizunguka nyumba ile mpaka mama akanipigia kelele kwamba namtia kizunguzungu, nikaenda kuzunguka choo. Kuchana ukurasa hakukuwa na maana, mtoto alikuwa nao kichwani. Nikafikiri treni ianguke: angesubiri nyingine, yeye si wa kwanza kusubiri treni Kamina. Nikafikiri shefu wa gare amnyime tiketi: Kabange angemzunguka shefu wa gare mara moja, nilikuwa nimemwandika hivyo mimi mwenyewe. Nikafikiri Zuzu amwombe abaki: Zuzu alikuwa nani kwake? Katika kitabu kizima, nilichokisuka kwa ujanja wangu wote, palikuwa na mtu mmoja tu ambaye neno lake lingemrudisha Kyungu, na huyo ndiye aliyekuwa anamsubiri kwenye mkeka. Kwa nini Kabange amkatae? Nililala na swali hilo nikaamka nalo. Shuleni Ijumaa sikusikia hata somo moja. Ni njiani, narudi, nilipomkumbuka Kabange wa kweli. Si huyu wa kwangu wa kuchekesha bali yule aliyeng'ata watu. Nilimkumbuka akivuta blanketi. Nilimkumbuka siku alipookota kifungo chekundu njiani, akakificha mdomoni, kwa sababu kilikuwa kimoja, na mama yake alimbana taya mpaka akakitema, kikatupwa, kwa kuwa cha pili hakikuwapo. Alilia kwa kifungo kile siku nzima.

Nikaandika nimepiga magoti kando ya njia, kaye juu ya jiwe, nikaingia kwao bila kubisha. Chumba chao kilikuwa na dirisha moja lililozibwa karatasi ngumu, na kilinuka jasho na majani ya mikaratusi. Kyungu alikuwa amelala upande wa ukutani wa godoro. Ule mwingine ulikuwa umeachwa, na mto wake, umetandikwa vizuri. Midomo ilimpasuka. Alinitabasamia akasema kesho. Nikamwambia ndiyo, kesho, lakini kuna ukurasa niliusahau, unakuja baada ya treni. Nikasoma kwamba Kyungu anashuka garini na gauni lake jeupe, wafu wanaimba, na Kabange anainuka kutoka kwenye mkeka, mikono kiunoni, uso umefura, na anauliza: "Weye, unatafuta nini huku?"

Kyungu akaacha kutabasamu.

Nikasoma kwamba Kyungu wa kitabuni anajibu amekuja kukaa naye. Na Kabange anasema hapana. Anasema huku chini amepewa mkeka mmoja, na ni wake. Sahani moja. Jina lake wanaliita peke yake, bila la mtu mwingine mbele yake. "Pale juu kila kitu tulipewa mbili mbili, hata makofi. Hii moya iko yangu. Rudia kule juu, Kyungu. Utakuja siku utakuwa muzee, na meno yote imetoka, siku ile nitakufungulia." Na alipoona Kyungu hasogei, akachukua kiatu cha shefu wa gare akamrushia.

Niliogopa kuinua uso. Nikasikia pumzi yake inakwenda haraka, na Kyungu, mtoto ambaye hakuwa na nguvu ya kugeuza kichwa, akajiinua kwenye kiwiko. Aliniambia Kabange ni mbaya. Alisema ni mchoyo, alikuwa mchoyo tangu zamani, blanketi lote alikuwa analivuta yeye, na ndizi kubwa, na yeye alinyamaza tu, alinyamaza siku zote. Sauti ikampasuka. Akashika ule mto wa pili akautupa chini, na hapo akalia. Miezi yote ile tangu mvua, na sasa alilia kwa kelele, kamasi, mdomo umepinda, kama mtoto yeyote wa kambi aliyenyang'anywa kitu. Nilijaribu kumziba mdomo. Nakumbuka kiganja changu kwenye meno yake, nikinong'ona nyamaza, nyamaza, kwa sababu nilijua yanayosemwa juu ya anayemlilia aliyerudi, na nilikuwa nimemtoa kwenye treni nikamsukuma relini.

Mlango ukafunguka. Mama Mapasa alisimama pale na ufagio mkononi, na naapa sijawahi kumwogopa mtu namna ile. Aliangalia mto chini, akaangalia kaye, akaniangalia mimi. Halafu akamuuliza mtoto, pole pole, kila neno mahali pake, "Unalia nani?"

"Silie muntu," Kyungu alisema, huku analia. "Niko na kasirani. Kabange amenifukuza. Lete dawa. Nipone, minyi nitamwonyesha."

Kinini alikimeza palepale, na cha jioni, na cha kesho yake, Jumamosi, akiwa amekunja ndita kama mtu anayejiandaa kwa kesi. Ni yeye aliyepokea wageni kwenye matanga mwezi uliopita, mama wa watoto watano, na mpaka sasa akimtaja ndugu yake anamtaja kwa kumlalamikia. Lakini mchana ule, baada ya kumeza na kulala, alipokuwa bado anashikwa na kwikwi usingizini, Mama Mapasa hakutoka. Nilisubiri kofi. Nilikuwa nimekwisha kulitengea shavu. Yeye akaegemeza ufagio ukutani, akaketi sakafuni, mahali safi alipokuwa amepafagia tangu mvua, akaniambia nisome tena, pale Kabange anasema hii moja ni yangu. Nikasoma. Akaniambia tena. Nikasoma mara ya tatu, na sikuhitaji kutazama kaye. Akamwangalia aliyelala, akifikiri, na niliona jinsi alivyokuwa anafikiri, kwa uangalifu, kama mtu anayejaribu ubao kwa mguu kabla ya kuukanyaga.

"Kama ni kasirani, haina kilio," akasema.

Nilimwambia ndiyo, Mama, ni kasirani tu.

"Basi na minyi iko nayo," akasema Mama Mapasa. "Alienda bila kuniaga." Akajifunika uso na kitenge chake, na kupitia ule uwazi wa juu kambi nzima ikamsikia akikasirika mpaka jua likazama.